Mpango wa "Uganda" wa 1903: darasa lisome barua yenyewe au muhtasari?

Mleta mada: Wakuu, kisa hiki kwa kawaida hufundishwa kwa sentensi moja: Waingereza waliwapa Wayahudi Uganda, wakakataa. Naona itupwe, wanafunzi wasome barua ya 14 Agosti 1903 ya Clement Hill, Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, kwa Leopold Greenberg, mwakilishi wa Wazayuni, harakati ya kuwatafutia Wayahudi nchi yao. Barua haitoi ardhi. Inaruhusu watu waende kukagua tu. Eneo likifaa, ofisa Myahudi ataongoza utawala wa ndani, serikali ikibaki juu yake.

Mwalimu wa zamu: Napinga. Mwanafunzi akisikia Uganda ataitafuta Kampala. Eneo lilikuwa Uasin Gishu, Kenya ya leo. Mpaka ulisogezwa 1902, eneo likatoka Uganda. Kwa Kiingereza kile cha kiofisi, dakika 40 zitaishia kwenye kamusi.

Mleta mada: Basi kata. Sentensi mbili za masharti zitafsiriwe, ramani mbili zibandikwe, kabla na baada ya 1902. Kisha uliza: nani anaandika, kwa nani, anaahidi nini, anajiwekea mlango gani wa kutokea? Swali la nne ndilo lenye utamu.

Mtu wa nyaraka: Mnabishania kamusi! Barua inazungumzia kukagua kama kuna ardhi "tupu". Tupu kwa nani? Wamaasai wa Uasin Gishu walikuwa wamevunjwa na vita vya karne ya 19, na Wanandi jirani walikuwa bado wanapambana na Waingereza. Barua ikisomwa peke yake, neno hilo litamezwa. Weka masimulizi ya Wanandi kando yake.

Mwalimu wa zamu: Na Wayahudi wenyewe wako wapi? Barua ya Mwingereza si historia yao. Anza na mauaji ya Wayahudi wa Kishinev, mji wa Dola ya Urusi, Aprili 1903, ndipo uende kwenye kumbukumbu za kongamano la Wazayuni huko Basel, Uswisi, Agosti ileile: kura 295 za kutuma tume ya kukagua ardhi hiyo, 178 za kupinga. Wajumbe wengi wa Urusi, ambako ndugu zao walikuwa wakiuawa, walitoka ukumbini. Bila hapo darasa litadhani Wayahudi walikuwa na sauti moja.

Mleta mada: Hapo umenishika. Basi tuongeze ripoti ya tume ya 1905. Gibbons, Kaiser na Wilbusch walikwenda uwanda uleule wakarudi na maoni tofauti. Makundi matatu, kila moja mtu wake. Ila usiwaambie mapema kwamba kongamano la 1905 liliukataa mpango. Wakishajua, hawasomi, wanawinda ushahidi wa jibu.

Mtu wa nyaraka: Kati ya watatu hao Myahudi ni Wilbusch peke yake, na ndiye aliyepinga kabisa. Hilo litajwe kabla ya kusoma au baada? Ningelificha.