Naombeni ushauri: kuapdeti kompyuta 12 kwa bando moja

MamaSteshenari
Habari za jioni wakuu. Niko Mbeya, Mwanjelwa, nina steshenari na chumba cha nyuma nafundishia kompyuta, mashine 12, tisa zina Windows 11 na tatu bado Windows 10. Intaneti ni rauta ya laini, nanunua bando. Sasa juzi Jumatano wanafunzi wamewasha mashine zote kwa pamoja saa 2 asubuhi, kufika saa 5 bando la wiki nzima limekata na hakuna hata mashine moja iliyomaliza apdeti, zote zimegandia asilimia 20, 30 huko. Jana tena umeme ukakatika moja ikiwa katikati, ilivyowaka ikakaa karibu masaa mawili inarudisha mabadiliko, na binti wa watu katoka Uyole kwa nauli yake akarudi hajagusa kibodi, iliniuma sana. Kuna namna ya kushusha mara moja nikasambaza kwa zote? Au nizime tu apdeti?

Mkinga_wa_Makambako
Zima tu dada. Zangu mwaka wa pili huu sijaapdeti na zinapiga kazi.

FundiIpogolo
Mkuu hapo juu tusimpoteze mwenzetu. Steshenari flashi za kila mtu zinaingia humo, na mashine zote ziko mtandao mmoja, ikiugua moja zimeugua zote. Mnakumbuka WannaCry ya Mei 2017, kile kirusi kilichofunga mafaili ya watu kikidai hela? Kiraka chake, yaani apdeti ya kuziba tundu lile, Microsoft walishakitoa tangu Machi, miezi miwili kabla, walioumia ni ambao hawakuwa wameapdeti, mpaka hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa.

Dada, ilikuwa Jumatano kwa sababu apdeti kubwa za mwezi zinatoka Jumanne ya pili, kwa saa zetu usiku wa saa 2 au 3, kwa hiyo kesho yake ukiwasha mashine 12 zote zinavuta kitu kile kile mara 12. Ingia setingi, Windows Update, Advanced options, Delivery Optimization, ruhusu kushusha kutoka kompyuta nyingine ila chagua za mtandao wa ndani tu, usichague na za intaneti maana hapo bando lako litakuwa linawagawia watu usiowajua. Fanya hivyo kwenye zote. Halafu apdeti MOJA kwanza mpaka imalize, iache inawaka, ndipo uwashe nyingine mbili mbili, sehemu kubwa zitachota kwa mwenzao kupitia rauta badala ya bando. Siku za kawaida weka ile alama ya mtandao wa kulipia, metered, zisijishushie zenyewe asubuhi, siku ya kuapdeti unaitoa.

kijana_wa_Kabwe
Naongezea, kuna rauta zina kizuizi vifaa visionane, AP isolation, ikiwa imewashwa hiyo njia ya fundi haitafanya kazi hata uhangaike vipi, iangalie kwanza.

Mimi natumia flashi. Unaandika winver kwenye sehemu ya kutafuta ya Start kujua toleo, unaingia Microsoft Update Catalog unatafuta ile namba ya apdeti inayoanza na KB, unashusha faili la apdeti linaloishia na msu la toleo lako, x64 (ya biti 64), unapita nayo mashine kwa mashine. Ukikuta faili mbili shusha zote, anza na la zamani. Faili la hapo huwa zito kuliko inaloshusha mashine yenyewe, kwa mashine mbili haina faida, kwa tisa inalipa. Na huhitaji ya kila mwezi uliopita, ya mwisho inabeba za nyuma.

MamaSteshenari
Na hizi tatu za Windows 10?

FundiIpogolo
Hizo msaada wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025. Angalia prosesa, kama ni Intel kizazi cha 8 kwenda juu na ina TPM 2.0 (chipu ya usalama) na RAM GB 4 ipeleke 11 kwa flashi ya GB 8, unashusha mara moja unatumia kwa zote tatu. Zikikataa, zisiingizwe flashi za wateja. Na suala la umeme, usianze bila UPS (ile betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika), au anza na laptopu yenye betri nzima.

MamaSteshenari
Wakuu mrejesho. Jumamosi jioni nimefunga mapema nikafanya ya fundi, kizuizi cha rauta kweli kilikuwa kimewashwa, nimekitoa. Mashine ya kwanza ilivuta bando yenyewe, zilizofuata nimeangalia kile kipimo cha Delivery Optimization sehemu kubwa imetoka mtandao wa ndani, na bando limebaki! Nane zimemaliza kabla ya saa 5 usiku. Namba 7 ilikataa, diski ilijaa video za wanafunzi, nimefuta nitairudia kesho. Za Windows 10 mbili ni kizazi cha 6, nimezitenga za kujifunzia kutaipu tu, flashi marufuku. UPS nimeulizia bei Kabwe, nakusanya hela. Ndaga fijo fundi, na wewe kijana wa Kabwe.