Sauna na dawa za presha

Bibi_Tampere: Hamjambo humu? Niko Finland kwa binti yangu. Jumamosi wakwe zake wametualika sauna, kile chumba cha kukaa kwenye joto kali la mawe ya moto, na kipimajoto chao kinasoma nyuzi 80! Mimi natumia dawa za presha. Nikikataa nitaonekana najidai?

Fundi_Vantaa: Shikamoo mama. Muulize daktari wako kwanza. Joto hutanua mishipa, presha hushuka, na pamoja na dawa unaweza kupata kizunguzungu. Akikuruhusu, kaa benchi la chini. Juu waachie wenyeji. Dakika tano zinatosha kuanzia, na ukiinuka, inuka taratibu. Vua mkufu na bangili, maana dhahabu humo ndani inachoma.

Nesi_Halima: Kunywa maji kabla na baada, bia usiiguse. Wakimwagia mawe maji, mvuke unakupiga masikioni kwanza, inamisha kichwa. Ukizidiwa toka, hakuna anayehesabu. Na wasikushawishi kuchupa kwenye shimo la barafu ziwani!

Bibi_Tampere: Marahaba mwanangu Fundi. Asante Halima. Sasa nguo je? Mkwe wangu naye atakuwepo, jamani.

Nesi_Halima: Kwa kawaida wanawake huingia kivyao. Jifunge khanga ya pamba, na ukalie taulo.