Kulazwa mara kwa mara na kifo: nitumie modeli gani?

Kondele_Data: Wadau, naomba ushauri. Nina data ya kliniki moja hapa Kisumu, watoto mia mbili hivi wenye selimundu. Wengi wamelazwa zaidi ya mara moja. Vifo havifiki ishirini. Swali ni kama dawa ya hidroksiyurea inapunguza kulazwa. Nimeendesha modeli ya Andersen na Gill, ya matukio yanayojirudia, kwa coxph, amri ya programu ya takwimu ya R, na aliyefariki nikamfungia hesabu (nikaacha kumfuatilia tangu siku hiyo) sawa na aliyehamia Siaya. Msimamizi amekataa. Kwa nini?

Mtakwimu_Lolwe: Kwa sababu aliyehamia Siaya bado anaweza kulazwa huko, ila wewe humwoni. Aliyefariki halazwi tena. Tena wanaofariki mara nyingi ndio wagonjwa zaidi: dawa ikiwaokoa, wataendelea kulazwa, nawe utasema dawa haifai. Jaribu modeli ya pamoja ya Rondeau na wenzake (2007), inayopima kulazwa na kifo kwa wakati mmoja, iliyomo kwenye frailtypack, kifurushi cha R. Kila mtoto hupewa udhaifu fiche (frailty), namba isiyoonekana kwenye data, unaozidisha hatari yake ya kulazwa. Udhaifu huohuo, ukipewa kipeo alfa, huzidisha hatari ya kifo. Alfa ikizidi sifuri, wanaolazwa sana ndio wanaokufa mapema.

Mamboleo_R: Panga mistari ya data kwanza, maana hapo ndipo wengi huanguka. Kila kipindi mstari wake: mwanzo, mwisho, kulazwa, kifo. Kifo kiwe 1 kwenye mstari wa mwisho tu. Siku za wodini ziondoe. Mstari unaofuata uanze siku ya kuruhusiwa, kwani aliyelazwa hawezi kulazwa tena. Mwanzo ukilingana na mwisho, R hutupa mstari mzima, na kifo kikiwa humo kinapotea. Ongeza nusu siku. Na aliyeanza dawa katikati, kata mstari wake tarehe hiyohiyo, la sivyo unaipa dawa sifa ya siku ambazo hakuwa ameimeza.

Kwenye frailtyPenal, amri ya frailtypack, weka cluster(id), terminal(kifo), recurrentAG=TRUE, mafundo (knots, viungo vya mkunjo wa hatari) 7 au 8. Kappa, namba zinazolainisha mkunjo huo, moja ya kulazwa na moja ya kifo, usizibahatishe: endesha kulazwa peke yake na kifo peke yake kwa cross.validation=TRUE, kisha uzichukue zote mbili.

Dada_Takwimu: Mimi sikubaliani sana. Kwa vifo vichache hivyo alfa itayumba. Badilisha mafundo uone. Ningeanza na modeli ya Ghosh na Lin (2002), amri ya recreg kwenye mets, kifurushi kingine cha R: wastani wa kulazwa kwa kila mtoto, kifo kikihesabiwa kuwa mwisho. Lakini usiuripoti peke yake. Dawa inayoua nayo hupunguza kulazwa, kwa hiyo weka modeli ya Cox ya hatari ya kifo kando yake.

Kondele_Data: Asante dada. Na waliofia wodini? Nikiondoa siku za wodi, kifo kinakosa mstari.

Mamboleo_R: Hao waongezee mstari: unaanza siku ya kulazwa, unaishia siku ya kifo, kulazwa 0, kifo 1. Siku chache za wodi zitabaki humo, afadhali hivyo kuliko kupoteza kifo.

Dada_Takwimu: Kisha hesabu vifo upya kabla ya kuendesha chochote. Idadi isipolingana na rejista ya kliniki, usiendelee.