Naombeni ushauri: sindano za kuondoa ndita usoni, nipo Mtwara

Bint Mikindani (mleta mada)
Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Nina miaka 44, naishi Mtwara. Nina ndita katikati ya nyusi, mistari miwili imesimama, hata nikicheka ipo. Msimu huu nashinda kwenye mizani ya chama cha ushirika, juani, na kila mkulima akifika ananiuliza, "Mama, mbona umenuna, korosho zangu zina kasoro gani?" Sijanuna. Ndivyo uso ulivyokaa. Mwezi ujao namwoza binti yangu Lindi, picha zitapigwa, na nikijiangalia kwenye picha za posa naona mwanamke mwenye hasira na wakwe zake.

Swali langu: zile sindano za usoni, kwa ngozi nyeusi kama yangu, zinaleta matokeo ya asili? Sitaki uso wa kinyago. Nataka watu waseme tu "umependeza, umepumzika". Aliyewahi atuambie. Matusi naomba tuyaweke pembeni.

Mkorosho Mbichi
Nimekaa hapa, nasoma comments.

Ummu Salma
Dada yangu, assalaam alaykum. Nakwambia kwa mapenzi: hayo makunyanzi ni umri ambao wenzetu wengi hawakuupata. Mimi wa rika lako nimeshawazika watatu. Kubadili alichokiumba Mwenyezi Mungu kwa ajili ya picha za siku moja, tafakari. Paka liwa, lala mapema, samehe watu. Uso unafunguka.

Mzee wa Tandahimba
Marhaba mwanangu. Hao wakulima wanaouliza mbona umenuna hawazungumzii uso, wanaogopa mizani. Mwaka jana mimi nilipeleka gunia zangu nikarudishiwa mbili eti unyevu, na nilizianika mwenyewe kwenye mkeka mpaka zikalia. Kwa hiyo ukikunja uso pale, mtu moyo unamwenda mbio. Tabasamu tu, bure.

Bint Mikindani
Mzee wangu, pole kwa magunia, lakini natabasamu na mistari inabaki. Ndiyo maana nimekuja hapa. Ummu Salma, waalaykum salaam, nimekusikia. Naombeni jibu la sindano.

Mama Pacha wa Chuno
Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Newala. Usoni alikuwa na nembo, amechanjwa tangu mwali, na ndonya, kile kipande cha mti kinachopachikwa kwenye mdomo wa juu. Nikiwa mdogo alikuwa ananishika kidole ananipitisha kwenye zile chale za shavuni, zimeinuka, zina rangi ya bluu ya mkaa, ananisimulia nani alimshika miguu siku hiyo. Alikuwa anajivuna nazo. Kwa hiyo wanaosema uso usiguswe, wanawake wa Kimakonde waliugusa zamani, na kwa maumivu kuliko hizo sindano. Mtu akitaka afanye. Ila dada, nani atakuchoma? Hapa Mtwara simjui daktari wa kazi hiyo.

Tabibu wa Zamu
Dada, mimi ni ofisa tabibu, mambo ya ngozi nilisomea kituo cha ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi. Sichomi sindano za urembo, ila walioharibika wanaletwa kwetu. Nikujibu ulichouliza.

Chini ya jina "sindano za usoni" kuna vitu viwili ambavyo havifanani. Cha kwanza ni Botox na ndugu zake. Hiyo inazuia neva isiuamrishe msuli kukaza, msuli unalegea, ngozi ya juu inanyooka. Ndita yako inatokana na msuli wa kukunja uso, kwa hiyo ndiyo kazi yake hasa. Daktari wa macho wa Vancouver, Kanada, Jean Carruthers, alikuwa anaitumia kwa wagonjwa wa kope zinazokakamaa, akaona ndita zao zinapotea. Yeye na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, wakaandika kuhusu jambo hilo mwaka 1992. Mwaka 2002 Marekani ikaidhinisha Botox kwa ndita hizo hizo za katikati ya nyusi. Inaanza kuonekana baada ya siku chache, inakamilika kama wiki mbili, inaisha yenyewe miezi 3 hadi 4.

Cha pili ni fila, inayojaza mahali palipobonyea. Iliyo salama zaidi ni ya asidi ya hayaluroniki, kwa sababu ikikosewa ipo dawa ya kuiyeyusha, hayaluronidezi.

Kuhusu ngozi yetu: rangi inatukinga na jua, mistari midogo inachelewa. Sisi tunazeeka zaidi kwa kupungua nyama ya chini ya macho na mashavu. Uso wa kinyago unatokana na mtu kujaza kila mstari anaouona. Anayejua kazi anaweka kidogo, anakuita baada ya wiki mbili akuone, anaongeza pale tu panapodai.

Sasa jibu swali la Mama Pacha. Nani atakuchoma, wapi, na nini?

Bint Mikindani
Asante sana Tabibu, umenifungua macho. Yupo mtaalamu anakuja kutoka Dar. Ana uzoefu.

Tabibu wa Zamu
Mtaalamu ni daktari?

Bint Mikindani
Amesomea urembo. Cheti nimekiona kwenye simu. Rafiki yangu alichomwa naye mwaka jana na uso wake uko vizuri mpaka leo, na hakuna aliyegundua.

Shangani Beach Boy
"Cheti nimekiona kwenye simu." Mimi kwenye simu yangu nina picha nimekaa kwenye usukani wa ndege.

Mama Pacha wa Chuno
Botox yenyewe anaibebaje? Dawa ile inakaa kwenye friji. Dar mpaka huku ni zaidi ya kilomita 550, basi la joto, na ukikumbuka Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga, mimi nililala njiani na samaki wa ndugu yangu wakaharibika kwenye barafu yao. Dereva mmoja alitupikia uji…

Tabibu wa Zamu
Mama Pacha yuko sahihi, nyuzi 2 hadi 8 za joto. Dada, muulize anaibebea kwenye nini, na kichupa anakifungulia mbele yako?

Bint Mikindani
Mbona mnanibana kama mahakamani. Sio Botox. Ni fila. Anasema Botox ni hasara, kila miezi mitatu unarudi kulipa. Hii yake ya kudumu, unachoma mara moja basi. Atajaza katikati ya nyusi na hii mikunjo ya kando ya pua. Haihitaji friji. Anapokea watu kwenye chumba cha nyuma cha saluni, pasafi, nimepaona, kuna kitanda na taa. Jumla laki nne, nimeshatoa kianzio laki mbili. Ni Jumamosi.

Ummu Salma
Jumamosi hii?

Bint Mikindani
Jumamosi hii. Na naomba mnielewe. Kwenda Dar ni nauli, malazi, na kumwona daktari tu ni pesa kabla hajashika sindano. Chama hakiniruhusu kuondoka msimu huu. Huyu amenifuata mlangoni. Wenzangu sita tumejiandikisha, wote watu wazima na akili zetu.

Tabibu wa Zamu
Dada yangu, sasa nisome taratibu. Hapo katikati ya nyusi ni miongoni mwa mahali pabaya kabisa usoni pa kuweka fila. Mishipa midogo ya damu ya pale imeungana na mishipa inayolisha jicho. Fila ikiingia kwenye mshipa na kusukumwa, inaweza kwenda kuziba jicho, na mtu akapofuka akiwa bado amelala kitandani. Imewatokea hata watu waliochomwa na madaktari wenye ujuzi. Tofauti ni kwamba daktari akitumia ya hayaluroniki ana dawa ya kuyeyusha mezani na anajua dalili: ngozi inageuka nyeupe ghafla au inakuwa na madoa kama marumaru, maumivu makali, macho kuona giza.

Ya kudumu haina cha kuyeyushia. Kitu cha kudumu, kisichohitaji friji, cha bei hiyo, kwenye chumba cha saluni, mara nyingi ni silikoni ya maji. Hiyo inaweza kukaa kimya miaka, kisha ikahama ilipowekwa, ikafanya vinundu vigumu, na kuitoa ni upasuaji usoni. Rafiki yako kuwa sawa mwaka mmoja hakumalizi habari.

Na ndita haihitaji kujazwa. Inahitaji msuli utulizwe.

Jicho la Tatu
Ngojeni kwanza. Mimi nimepita kwenye nyuzi zake za zamani. Mwaka jana huyu huyu "Bint Mikindani" aliuliza bei ya kukodi fremu ya saluni Dar, Tabata. Leo ni karani wa mizani Mtwara mwenye binti wa kuozwa? Wakuu, hii ni chai. Kwanza inaanza "naombeni ushauri", katikati "mtaalamu kutoka Dar, laki nne, pasafi, rafiki yangu yuko vizuri", mwisho mtaona namba ya simu. Tangazo hili.

Shangani Beach Boy
Hapo kwenye "wenzangu sita tumejiandikisha" na mimi nilishtuka. Nafasi zimebaki chache wahini!

Mkorosho Mbichi
Kumekucha.

Bint Mikindani
Fremu ilikuwa ya binti yangu, huyo anayeolewa, alikuwa anasuka Tabata. Sina cha kuuza. Namba ya mtu sijaitoa na sitaitoa.

Jicho la Tatu
Kirahisi hivyo.

Mzee wa Tandahimba
Mimi nitamjua. Mwanangu, mkulima kakuletea korosho. Unazipimaje ubora kabla ya kupandisha kwenye mizani?

Bint Mikindani
Nachota sampuli kwenye gunia, juu, katikati na chini, sio juu tu kwa sababu mnajua wenyewe nini kinafichwa chini. Nazikata nusu kwa nusu, naangalia kiini: kimejaa au kimesinyaa, kina ukungu, kimetobolewa. Naangalia unyevu. Ndipo nasema daraja la kwanza au la pili. Na mikono inabaki na mafuta ya ganda yanayochubua, mpaka vidole vinabanduka ngozi. Hicho hakionekani kwenye tangazo lolote mzee wangu.

Mzee wa Tandahimba
Huyu ni karani. Tena bila shaka ndiye aliyenirudishia yale magunia.

Jicho la Tatu
Karani anaweza pia kuuza sindano. Ila sawa, nanyamaza.

Ummu Salma
Hata kama ni chai, Tabibu ameeleza mambo ambayo sikuyajua. Mdogo wangu yuko kwenye kundi la simu la wanawake wa Masasi, na huko nako wanamngoja "mtaalamu". Nimemtumia huu uzi wote. Dada, zile laki mbili ziache ziende. Nami sikusemi tena kuhusu makunyanzi, nakusema kuhusu macho yako.

Bint Mikindani
Laki mbili ni nyingi Ummu Salma. Je, nikimwambia asiguse katikati ya nyusi, ajaze kando ya pua tu?

Tabibu wa Zamu
Hapana. Kando ya pua nako kuna mshipa unaopanda kwenda kwenye jicho, na kitu kilichomo kwenye bomba ni kile kile. Fanya jambo moja leo. Mwandikie umuombe jina la dawa, picha ya boksi, na namba yake ya usajili. Daktari wa Tanzania Bara anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na dawa inapitia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mwenye hivyo hatakasirika kuulizwa.

Kuhusu harusi: ukiweza kufika Dar kwa daktari wa ngozi angalau wiki mbili kabla ya siku yenyewe, omba Botox ya ndita peke yake. Dozi iliyoidhinishwa kwa hapo ni yuniti 20, sehemu tano. Mwambie ukweli kama unanyonyesha, una ujauzito au una ugonjwa wa misuli kulegea. Kope inaweza kulegea kwa wiki kadhaa, ndiyo maana hufanyi siku tatu kabla ya picha. Usipoweza kwenda, vaa kofia pana pale kwenye mizani na miwani ya jua. Nusu ya kukunja uso kwako naona ni mwanga mkali. Mkorogo usiuguse kabisa.

Mama Pacha wa Chuno
Miwani! Mimi nilidhani mume wangu ana hasira na ndoa, kumbe haoni mbali. Tulipopima macho uso ukafunguka.

Bint Mikindani
Nimemwandikia kama Tabibu alivyosema. Amejibu: "Unakuja au huji? Kuna mtu anataka nafasi yako." Jina la dawa hajataja. Nimeuliza tena.

Mgeni 88
Samahani kuingilia. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi nadhani ni huyo huyo. Alinichoma kando ya pua kabla ya Ramadhani. Upande wa kushoto kuna kitu kigumu kama punje ya hindi, kinauma nikitafuna, na tangu juzi ngozi ya juu imekuwa ya moto. Nikimpigia anasema nikande kwa maji ya moto, akija Jumamosi atanichoma kingine cha kukilainisha.

Jicho la Tatu
Akaunti ya leo. Haya.

Tabibu wa Zamu
Jicho la Tatu, niache nimjibu.

Mgeni, usikande, usikibinye, na asikuguse tena kwa sindano yoyote. Ngozi ya moto na maumivu ni dalili ya maambukizi, hiyo haingoji Jumamosi. Kesho asubuhi nenda hospitali ya Ligula, waeleze kila kitu bila aibu: ulichomwa nini, lini, nani alichoma. Kama una kifuniko, boksi au picha ya bomba, beba. Usiku huu ukipata homa, uvimbe ukipanda kuelekea jichoni, au ukaanza kuona ukungu, usingoje asubuhi.

Bint Mikindani
Mgeni, uko mtaa gani? Niandikie faragha. Kesho naingia zamu ya mchana, asubuhi nakusindikiza.