Tupeane uzoefu: maonjo, matamasha na madarasa ya mvinyo. Nini huharibu, na hurekebishwaje?

Kizibo Kirefu (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa wanaoandaa maonjo ya mvinyo, wanaofundisha na wanaozunguka kwenye matamasha. Visa vya nani alilewa wapi tuviache. Leta vipimo, hatua, na kosa pamoja na sababu yake.

Naanza na hesabu ya chupa, maana hapo waandaaji wengi huumbuka. Chupa ya kawaida ina mililita 750. Ukimimina 50 kwa kila mtu, karatasi inasema glasi 15. Mezani hesabu 14, kwa sababu kila chupa lazima ionjwe na mwandaaji kabla haijazunguka. Darasa la watu 20 litataka chupa mbili za kila aina. Ukishuka hadi mililita 30, chupa moja inawatosha. Tatizo ni kwamba mkono haupimi: anayemimina huanza na kidogo, akizoea anajaza, na watu wa mwisho wanapata matone. Pima mililita 50 za maji kwenye glasi moja, iache mezani, kila anayemimina alinganishe nayo.

Ndoo ya Barafu

Mkuu umegusa wingi, mimi naongeza joto la mvinyo. Mvinyo ukilaumiwa kwenye onjo, mara nyingi kosa ni la joto.

Wenye povu, nyuzi 6 hadi 10. Mweupe mwepesi 7 hadi 10, mweupe mzito 10 hadi 13. Mwekundu mzito 15 hadi 18. Ile kauli ya "mwekundu unywewe kwa joto la chumba" ilitoka kwenye nyumba za baridi. Chumba chenye nyuzi 28 kinafanya kileo kipande puani na kuchoma, harufu ya tunda inapotea. Uweke kwenye friji nusu saa kabla ya wageni. Ila usizidishe: ubaridi unafunga harufu na kuongeza ukakasi, kwa hiyo mwekundu uliotoka friji moja kwa moja unaonekana mchungu bila hatia.

Barafu tupu kwenye ndoo haipoozi vizuri, hewa inakaa katikati ya vipande. Weka nusu barafu nusu maji, yafike kwenye shingo ya chupa. Dakika kama 20 zinatosha. Una haraka? Tupia chumvi konzi moja au mbili, maji yatashuka chini ya sifuri.

Povu Taratibu

Hapo kwenye povu niongeze la usalama. Ndani ya chupa ya Champagne kuna mgandamizo wa angahewa kama 6, zaidi ya mara mbili ya tairi la gari dogo. Chupa ya moto au iliyotikiswa ni kombora. Ipoze, ilaze kwa pembe ya nyuzi 45 bila kuielekeza kwa mtu, na kidole gumba kisitoke juu ya kizibo tangu unapoanza kulegeza waya. Kisha shika kizibo, zungusha chupa. Sauti iwe kama pumzi. Mlio mkubwa maana yake umemwaga povu.

Na povu likifa mapema kwenye glasi safi kabisa, shuku mabaki ya sabuni.

Pua Moja

Kizibo Kirefu amesema chupa ionjwe kwanza. Watu wajue wanatafuta nini.

Harufu ya boksi lililolowa au ghala lenye ukungu: kizibo kimeambukiza mvinyo kwa kemikali iitwayo TCA. Haidhuru mwili, lakini haitoki hata ungojee saa nzima. Fungua nyingine, ndiyo maana ya chupa ya akiba. Yai viza au kiberiti kilichowashwa: zungusha glasi kwa nguvu dakika chache, mara nyingi hutoka. Siki au rangi ya kucha: umeshaharibika. Vijiwe vinavyong'aa chini ya kizibo si vioo wala sukari, ni chumvi za asidi ya zabibu. Wageni hulalamika sana juu ya hivi, bure.

Mwalimu wa Ulimi

Kwa madarasa: msianze na mvinyo. Anzeni na glasi tatu: maji yenye ndimu, chai kavu iliyoloweshwa dakika 10, na maji ya sukari. Ndimu inajaza mate pembeni mwa ulimi, huo ndio uchachu. Chai inakausha ufizi, hiyo ni tanini, kile kitu cha ukakasi kilichomo pia kwenye mvinyo mwekundu. Halafu ongeza sukari kwenye ile ndimu waone uchachu "unavyopungua" ilhali asidi iko palepale. Mwanafunzi aliyepita hapo hachanganyi tena ukavu wa tanini na kukosa utamu.

Onjo la kuficha chupa ni zuri, lakini mfuko ufunike hadi shingo. Mabega ya chupa ya Bordeaux na ya Burgundy, mikoa miwili ya mvinyo ya Ufaransa, yanasema yote. Rangi nayo inadanganya: mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio ambamo mvinyo mweupe ulitiwa rangi nyekundu, na wanafunzi wa mvinyo wakaueleza kwa maneno ya mwekundu. Tumia glasi nyeusi.

Chupa Tupu

@Mwalimu wa Ulimi, na kwenye tamasha tufanyeje? Ukifika meza ya kumi hakuna tofauti tena.

Mguu wa Glasi

@Chupa Tupu, meza 25 kwa mililita 30 ni chupa nzima. Tema. Hata hivyo, kutema hakukupi ruhusa ya kuendesha, kwani kiasi kidogo hupita. Chagua meza nane kabla ya kuingia, nenda saa ya ufunguzi: povu, weupe, wekundu mwepesi, wekundu mzito, kisha tamu. Ukianza na tamu, kila kavu (usio na utamu) unaofuata utaonekana ndimu. Suuza glasi kwa tone la mvinyo unaofuata, maji yanayobaki yanauzimua. Usipige mswaki muda mfupi kabla, na manukato acha nyumbani. Hayo yanawaharibia hata majirani.

Chupa zilizobaki: kizibo, friji, hata nyekundu. Siku tatu hadi tano. Wenye povu unataka kizibo chake maalumu. Kijiko kwenye shingo hakifanyi kitu.