Naomba ushauri: filamu ya kamera ya siri ya kutazama na mama mkwe

Wakuu, nimeharibu. Jana usiku niliweka Bad Grandpa (2013) sebuleni. Ni yule mchekeshaji Johnny Knoxville wa Jackass, kile kipindi cha vituko cha MTV, humo kapakwa uso mpaka kawa babu wa miaka 86, na wanaofanyiwa mzaha hawajui kama kuna kamera. Mimi hoi kwa kicheko. Sasa humo kwenye filamu jeneza likapinduka, maiti ya mke wa huyo babu ikadondoka mbele ya waombolezaji. Mama mkwe akaweka kikombe chini, akaenda kulala bila kuaga. Na bado yupo wiki mbili!

Ile filamu ya Impractical Jokers ya 2020, ya wale marafiki wanne wa mizaha ya kamera ya siri, inatazamika na wakwe, au nayo itanifukuzisha? Mke wangu keshaninunia. Waliowahi kuitazama, nisaidieni kabla ya Jumamosi.