Naomba ushauri: sikio linalia usiku kucha

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Niko Masasi, Mtwara, nina miaka 52, na 9 kati ya hiyo nimeimaliza kwenye mashine za kubangua korosho. Tangu msimu uliopita sikio la kushoto linalia kama nyenje. Mchana nasahau, usiku kukitulia, ndio balaa. Daktari alisafisha nta, akapima, akasema usikivu umepungua na dawa ya kuuzima mlio hakuna. Nalala na redio ya sauti ndogo, angalau.

Sasa shemeji kaniletea vidonge vya ginkgo biloba (dawa ya majani ya mti), kopo 60,000! Nami natumia aspirini kila siku kwa ajili ya moyo.

Kuna aliyevitumia akapata nafuu kweli? Na je, vinapatana na aspirini, au nimrudishie shemeji kopo lake?